Kununua sigaa dukani bila kupigwa: maneno ya muuzaji wa Ybor City

Sigaa ninazozungumzia hapa ni zile nene, tumbaku tupu iliyoviringishwa kwa mkono, haina karatasi wala kichungi. Zile nyembamba zenye harufu ya zabibu au vanila zinazouzwa kwenye vituo vya mafuta vya Marekani ni bidhaa nyingine. Nyingi hutoka kwenye mashine, na jani lake la nje mara nyingi ni unga wa tumbaku uliogandishwa ukawa karatasi. Hizo hazihitaji mwongozo. Unalipa, unaondoka.

Mimi nasimama kaunta kwenye duka dogo la Ybor City, mtaa wa zamani wa sigaa mjini Tampa, Florida. Kwetu ni Urambo, mkoani Tabora, na ada zangu za shule zilitoka kwenye tumbaku ya baba, kwa hiyo nilipopata kazi hapa jani halikunitisha. Kipya kwangu kilikuwa wateja. Na katika wateja wote, wanaoniuma roho ni ndugu zetu. Mtanzania, Mkenya, Mkongo wa Bukavu, anaingia na dola zake mkononi, anaona haya kuuliza, macho yanatafuta sanduku lenye dhahabu nyingi, analipa, anatoka na kitu ambacho hatakimaliza. Kesho yake anawaambia wenzake sigaa ni uchungu mtupu na wazungu wanajitesa. Angekubali kuulizwa maswali manne tu, angetumia nusu ya hela na kufurahi.

Haya ni kwa ajili yake. Simshawishi mtu kuvuta: moshi wa sigaa unaleta saratani ya kinywa na ya koo hata usipoumeza, na muuzaji atakayekwambia vingine anataka kufunga hesabu ya siku. Lakini anayenunua, hata kama ni zawadi ya baba mkwe, anunue akijua.

Kabla ya kufungua mlango

Beba kitambulisho. Tangu Desemba 2019 umri wa kununua tumbaku ya aina yoyote Marekani ni miaka 21, na muuzaji anaweza kukuomba kitambulisho hata ndevu zikiwa nyeupe. Pasipoti ya nyumbani inatosha. Mzee mmoja wa Mombasa alininunia kweli: "Binti yangu, mimi nina wajukuu." Nikamjibu, "Shikamoo babu, Mungu akukuzie, ila naomba pasipoti." Akacheka, akaitoa.

La pili linatuhusu sisi hasa. Usije umejifukiza udi au umejimwagia manukato ya Ijumaa. Tumbaku hunyonya harufu, na chumba cha sigaa ni kidogo, kimefungwa. Ndiyo maana duka linalojua kazi huweka zile zenye ladha ya kahawa au asali kwenye kabati la peke yake, zisiambukize nyingine. Kuna wateja niliowaomba kwa heshima wasimame nje ya kioo nami niwatolee masanduku, na mwenyewe niliona vibaya kwa sababu harufu yenyewe ilikuwa nzuri, ilinikumbusha nyumbani.

Angalia chumba kwanza, sigaa baadaye

Duka la sigaa lina chumba cha unyevu, sisi tunakiita humido. Kuta na rafu zake huwa za mwerezi, kwa kuwa mti huo hauchoki haraka kwa unyevu na harufu yake inapatana na tumbaku. Ukiingia, usikimbilie bei. Tafuta kipima unyevu, kijisaa kidogo ukutani au namba kwenye kioo. Kikisoma kati ya asilimia 65 na 70, na joto liwe nyuzi 18 hadi 21 hivi, hapo pana mtu anayejali. Kikisoma 55, sigaa zote humo ni kavu: zitawaka haraka, zitakuchoma ulimi, jani la nje litapasuka mkononi. Kikipanda sana, zitakuwa nzito kuvuta, zitazima kila dakika, na ukungu utakuwa njiani. Joto likizidi nyuzi 24, mayai ya mdudu wa tumbaku yanaweza kuanguliwa. Utamtambua kwa vitundu vya duara, kama vimetobolewa kwa sindano. Ukiona hata kimoja, usinunue chochote kwenye rafu ile.

Duka lisilo na kipimo chochote, au lililopanga sigaa kwenye rafu ya wazi karibu na kiyoyozi, toka. Sijali jina lililoandikwa kwenye pete, ile karatasi yenye nembo inayozungushwa kwenye sigaa.

Mtoto wa mkulima hili atalielewa bila mimi kueleza sana. Tumbaku ya mvuke ya kwetu ikitoka kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia, huwa imekauka mpaka inavunjika, na hakuna anayethubutu kuipanga madaraja kabla haijarudisha unyevu kidogo. Jani la sigaa lina tabia hiyohiyo ingawa njia yake ni tofauti: linakaushwa kwa hewa, kisha linarundikwa kwa marundo makubwa lichachuke lenyewe kwa joto lake kwa wiki na miezi. Uchachu huo ndio unaoondoa ukali wa amonia. Sigaa inayokuwasha pua kabla hujaiwasha imetoka mapema.

Hapo ndipo nitamuudhi jirani yangu. Kwenye Seventh Avenue, barabara kuu ya Ybor City, utaona dirisha lenye mtu anaviringisha sigaa mbele ya watalii, na watu wanazinunua zikiwa bado mbichi kwa kuwa zimetoka mkononi sasa hivi. Ni kazi nzuri kuitazama na mwachie bakshishi. Lakini sigaa iliyoviringishwa leo ina maji mengi. Inunue, kisha ilaze wiki kadhaa mahali penye unyevu sahihi, au mwombe akupe iliyoviringishwa zamani. Akiwa mkweli, atakuwa nazo nyuma.

Maswali manne

Muuzaji mzuri anakuuliza kabla hujauliza. Asipouliza, jieleze mwenyewe: una muda gani, umekula au hujala, umezoea kuvuta nini, na unataka kutumia kiasi gani. Sema kiasi waziwazi. Wengi wetu tunaogopa kutaja hela tukidhani tutadharauliwa, matokeo yake tunapelekwa kwenye rafu ya dola 25. Sema hivi: "Nataka kitu laini, cha nusu saa, chini ya dola 10." Kwa sentensi hiyo umenirahisishia kazi, na sina tena pa kukupigia.

Muda ni muhimu kwa sababu ukubwa wa sigaa ni saa. Petit corona, urefu wa milimita 129 hivi, itakupeleka nusu saa na zaidi kidogo. Robusto ni fupi na nene, milimita 124, na hukaa kati ya dakika 45 na saa nzima. Churchill ina milimita 178. Ukiiwasha usiwe na miadi, kwani saa na nusu itapita. Ile namba ya unene, 42, 47 au 50, ni sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo 50 ni karibu sentimita mbili. Anayeanza achukue petit corona. Kaka zetu hupenda nene kwa ajili ya picha, halafu nusu yake inabaki kwenye kisahani, na hiyo nusu umeilipia.

Kuhusu chakula, sifanyi mzaha. Nikotini ya sigaa inaingia kwa ngozi ya mdomo, na kwa mtu aliyefunga au aliyekunywa chai tupu huleta jasho la baridi, kizunguzungu na kichefuchefu. Kula kwanza. Ukijisikia hivyo, iweke chini, toka upate hewa, kunywa soda yenye sukari.

Rangi inadanganya wengi. Mteja anaona jani jeusi la maduro anasema "hii kali sana, nipe ile ya rangi ya kahawa ya maziwa." Weusi ule unatokana zaidi na kuchachushwa muda mrefu, na mara nyingi huleta utamu, kama kakao. Ukali uko kwenye majani ya ndani. Nimeuza sigaa nyeupe zilizomlaza mtu na nyeusi ambazo bibi angevuta. Uliza ukali, usitazame rangi.

Na kama unataka kitu chenye asili ya kwetu, mwombe muuzaji jani la nje la Cameroon. Linalimwa Cameroon na Jamhuri ya Afrika ya Kati, jembamba, lina vijipele vidogo na utamu wa viungo, na viwanda vya Jamhuri ya Dominika na Nikaragua hulivisha sigaa zao. Wateja Waafrika wengi hawajui kwamba jani la bara letu limo mle chumbani. Tumbaku ya Urambo haimo; ile ni ya sigara.

Kwa akina dada: kuna duka moja niliingia kama mteja kabla sijaanza kazi, sitalitaja, muuzaji akaniongoza moja kwa moja kwenye zile fupi zenye ladha ya cheri. Sikusema neno, nikageuka nikaenda duka la pili. Muuzaji anayeamua ladha yako kwa kutazama gauni lako hawezi kukuchagulia vizuri hata ukimlipa mara mbili.

Habari ya Cohiba

Kila msimu wa harusi simu yangu haipumui. Shemeji wa Mikocheni ananiambia, "Shem, ukija niletee Cohiba sanduku moja, za wanaume." Namuuliza, "Shem, Cohiba ipi?" Kimya. Kisha: "Kwani ziko ngapi?"

Ziko mbili, na kutojua hili kumewatia wengi hasara. Cohiba ya Cuba ilianza miaka ya 1960 kwa ajili ya Fidel Castro na wageni wake. Kwa sababu Marekani ina vikwazo dhidi ya Cuba tangu 1962, sigaa ya Cuba haiuzwi kihalali katika duka lolote la Marekani. Duka langu halina, la jirani halina, na anayekunong'oneza kwamba anazo chini ya kaunta anavunja sheria, anakudanganya, au vyote viwili. Tangu Septemba 2020 hata msafiri haruhusiwi kuingia nazo nchini kwa matumizi yake mwenyewe. Cohiba unayoiona zaidi Tampa imetengenezwa Jamhuri ya Dominika na kampuni nyingine kabisa; pete yake ni nyeusi na herufi O ina kitone chekundu ndani. Ni sigaa halali, wengine wanaipenda. Lakini ukimpelekea shemeji aliyesoma mtandaoni kuhusu Fidel, atakuona umemchezea.

Mambo ni hayohayo kwa Montecristo, Romeo y Julieta, Partagás, Punch na H. Upmann. Cuba ilitaifisha viwanda mwaka 1960, wenye viwanda wakakimbia, majina yakaendelea kutumika pande mbili za bahari. Pete zinafanana, ndani ni tofauti. Kwa hiyo unapoagizwa, uliza: ya Cuba au ya kawaida? Akitaka ya Cuba, anayepita Dubai au London ndiye wa kumtuma. Maduka ya La Casa del Habano yapo miji mingi nje ya Marekani na yamepewa idhini na Wacuba wenyewe.

Ukinunua huko, geuza sanduku. Chini pawe pamechomwa kwa moto maneno "Hecho en Cuba" na "Totalmente a mano", pamoja na muhuri wa wino wenye alama za kiwanda, mwezi na mwaka. Juu kuna utepe wa dhamana wa kijani na nyeupe. Sanduku lenye kifuniko cha kioo ni la bandia, hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Na Cohiba ya mmojammoja unayouziwa ufukweni na mtu aliyeishika kwenye mfuko wa plastiki, hiyo huhitaji kuikagua. Bei peke yake imeshasema, maana Cohiba halisi tangu bei zipande mwaka 2022 ni ghali kupita akili.

Kushika, kulipa, kukata

Usiibinye. Ishike katikati kwa vidole viwili, igandamize kidogo tu uone kama inarudi. Ikiwa na sehemu ngumu kama jiwe, mahali pale imejazwa sana na haitavuta. Ikiwa na sehemu tupu, itawaka upande. Usiipeleke puani mpaka iguse, mwenzio ataiweka mdomoni; kama haina karatasi angavu ya nje, nusa upande wa kuwashia kwa mbali. Ukipasua jani, ni yako, lipa bila ubishi.

Duka si Kariakoo, bei haishuki kwa kuvutana. Lakini ukichukua sanduku zima uliza punguzo, mara nyingi lipo, na uliza kama kuna kikapu cha zinazoondolewa rafuni kwa bei nafuu. Kikapu hicho ndimo mimi hununua zangu. Kumbuka pia kwamba bei iliyobandikwa haina kodi ya mauzo. Itaongezwa kaunta, usidhani muuzaji kakuongezea. Florida hata hivyo haitozi ushuru wake wa tumbaku kwenye sigaa, ndiyo maana watu wa majimbo mengine hujaza mabegi wakija hapa. Kwa sigaa nzuri ya kila siku andaa dola 8 hadi 15.

Mwombe muuzaji akukatie, ni bure. Anakata kofia tu, ile duara ndogo ya kichwani, milimita mbili hivi. Akikata chini zaidi, jani lote linafunguka. Kabla ya kuwasha, vuta hewa bila moto. Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao: ikiwa imeziba kabisa, irudishe muda uleule, haijawashwa, na duka la heshima litakubadilishia. Ukishaiwasha ukafika nusu ndipo uje unalalamika, nitakuhurumia lakini sitakuwa na la kufanya. Kuwasha tumia kiberiti cha gesi au cha mbao; cha petroli huacha ladha.

Kama duka lina launji, nunua kitu kwanza ndipo ukae. Kuja na sigaa uliyonunua kwingine ni sawa na kwenda hotelini na pilau lako kwenye hotipoti. Kuna maduka yatakutoza kwa hilo, mengine yatakuomba utoke. Ukimaliza usiikandamize kwenye kisahani, inatoa harufu mbaya kwa wote. Iache, itazima yenyewe.

Kuzifikisha nyumbani

Mfuko wa plastiki wenye zipu na pakiti moja ya unyevu ya asilimia 65 au 69, muuzaji anazo kwa dola chache, vinatosha kwa wiki kadhaa. Usiziweke kwenye friji ukifika Dar, friji hukausha. Ziweke kwenye kabati la chumba chenye baridi, mbali na nguo zilizofukizwa.

Kile kiberiti cha gesi chenye moto wa bluu kama wa fundi hakiruhusiwi kwenye ndege za Marekani, si mkononi wala kwenye begi la kupakiwa. Kitachukuliwa uwanjani. Nunua kingine nyumbani.

Halafu forodha. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima kuingiza gramu 250 za tumbaku bila ushuru, sigara, sigaa na ugoro vikijumlishwa. Robusto moja ina gramu 12 hadi 16 hivi, kwa hiyo sanduku la 20 linaweza kupita kiwango, na la 25 limepita. Pima kabla ya kufunga begi, mizani ya jikoni inatosha. Ukiwa umezidisha, sema mwenyewe kwa afisa na umpe risiti. Bila risiti thamani atakadiria yeye, na makadirio yake sijawahi kusikia yakiwa madogo.